Gari Nililofundishia Nusu ya Ngamiani

Kila mnaponikuta sokoni, walimu wenzangu wa udereva, swali lenu huwa ni moja: Mamkwe yuko wapi? Afya yangu hamuiulizi. Magoti yangu, yaliyotumikia klachi kabla baadhi yenu hamjazaliwa, hayawahusu. Basi nimeona niandike, ili atakayeuliza tena nimwelekeze kwenye karatasi, nami niendelee kuchagua bamia.

Kwa msiomjua, Mamkwe ni gari. Gari dogo la milango minne, rangi ya maziwa, gia za mkono, lenye breki ya pili upande wa mwalimu. Wanafunzi ndio waliolibandika jina hilo, kwa sababu ukilikosea heshima halikugombezi. Linazima tu, linakaa kimya, mpaka ujirekebishe.

Lakini kazi niliianza kabla yake. Niliingia katika shule yetu nikiwa msichana aliyewahi kuendesha trekta tu, kwenye shamba la mkonge ambako baba yangu alikuwa msimamizi. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja, Barabara ya Kumi na Mbili, na ubao uliochorwa njia panda ambayo mimi sijapata kuiona popote Tanga. Mwenye ubao alikuwa Mwalimu Salehe, mtu mwembamba wa kofia ya kiua, sauti yake ya chini hata ukalazimika kumsogelea.

"Vua viatu," aliniambia siku ya kwanza.

Nikadhani twaingia kuswali.

"Klachi husikika kwa unyayo, mwanangu. Ukishaisikia, vaa hata mabuti."

Nikavua. Alikuwa anasema kweli. Pale klachi inapoanza kushika pana mtetemo mdogo, kama paka anayekoroma, na mguu ukishaujua hausahau tena. Tangu siku hiyo sijamfundisha mtu aliyevaa viatu katika somo la kwanza, na nyie mnaocheka viatu vilivyopangwa kando ya gari kama mbele ya msikiti, chekeni, lakini tazameni wanafunzi wenu wanavyoruka-ruka kama mbuzi.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa muuza nyama, mtu wa mwili, mwenye sauti ya mnada. Aliponiona nimekaa upande wa mwalimu, akarudi ofisini.

"Mie nifundishwe na mtoto wa kike?"

Mwalimu Salehe hakunyanyua hata macho. "Hapana tabu. Ngoja mwalimu wa kiume arudi."

Mwalimu wa kiume wa shule ile alikuwa yeye mwenyewe, naye alikuwa ameketi pale pale anakunywa kahawa. Muuza nyama akangoja. Akangoja asubuhi nzima, huku akimtazama mzee na kikombe chake. Jua lilipopanda utosini akainuka, akaja garini, akavua viatu mwenyewe bila kuambiwa. Alikuja kuwa dereva mzuri kupita wengi, na mpaka alipofunga bucha lake sikupata kupanga foleni kununua ini.

Jambo la pili nililolipata kwa mzee yule ni kutopiga kelele. "Ukimpigia mwanafunzi kelele," alisema, "atakutazama wewe. Na wewe si njia." Nimeona walimu hodari wakigonga nguzo za umeme kwa sababu ya kusahau maneno hayo.

Mamkwe nilimpata baadaye, kwa mhasibu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akihamia bara. Nilikwenda na Mwalimu Salehe. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa kama mpishi anayenusa mchuzi wa mwenziwe. Kisha akalizunguka gari, akafungua na kufunga kila mlango polepole, akisikiliza.

"Hili halijapata kudhulumiwa," akasema. "Lichukue. Ila ujue, gari lililotunzwa ni deni. Na wewe itabidi ulitunze."

Nililitunza. Hapa Tanga chumvi haimo baharini tu, imo katika upepo, na gari usiloliosha chini kwa maji baridi huliwa kuanzia tumboni, juu likiwa bado linang'aa kama bwana harusi. Mimi Mamkwe nilimwosha tumbo kabla ya uso. Na nilikuwa na fundi mmoja tu, Akbar. Babu yake Akbar aliuza nguo Ngamiani, baba yake akauza nguo, na yeye alipofika zamu yake akatazama majora ya kitambaa, akasema anapenda grisi. Ndiye aliyeiunda ile breki ya pili, kwa chuma alichokikunja mwenyewe. Tulikuwa tukigombana kama ndugu.

"Bi Zuhura, umeniletea gari zima. Nitengeneze nini?"

"Litazame tu."

"Kutazama si kazi!"

"Basi lisikilize."

Analisikiliza, ananuna, halafu anaona mkanda wa feni unaoanza kupasuka ukingoni, anaubadilisha. Hiyo ndiyo siri yote ya gari lisiloharibika njiani. Kitu kikianza kunung'unika, kisikilize kabla hakijalia.

Wanafunzi waliopita ndani ya Mamkwe siwezi kuwataja wote, na wengine wasingependa. Nitamtaja Bi Fatuma tu, kwa sababu mwenyewe anajisimulia kila harusini. Bi Fatuma, mwenye duka la nazi na viungo, alijifunza gia kwa siku chache, kurudi nyuma akajua, kuegesha akajua. Kitu kimoja hakutaka. Kukata kulia.

"Kulia mie sipindi, mwalimu. Kule magari yanakuja."

"Hata kushoto yanakuja, Bi Fatuma."

"Ya kushoto yananiona."

Nilijaribu kila njia. Nilimpeleka Pongwe, kwenye uwanja mpana usio na kiumbe ila mbuzi, akazunguka uwanja mzima kwa kushoto. Mjini alikuwa amejifunza kufika popote kwa kukata kushoto tupu, akizunguka mitaa mitatu kufikia duka lililo mkabala na alipotoka. Nikaanza kumwonea fahari kwa namna fulani, maana mtu yule alikuwa na ramani ya Ngamiani nzima kichwani. Kisha ikaja harusi ya mdogo wake. Tulikuwa garini sote wawili, yeye ameshika usukani, nyuma kuna sinia la mkate wa kumimina na masufuria ya pilau ya watu muhimu. Tukafika karibu na nyumba ya harusi, na barabara ya kushoto, ile aliyoizoea, imefungwa. Turubai limetandwa njia nzima, wanawake wamekaa kwenye majamvi, ngoma imeshaanza. Nyuma yetu kuna gari. Mbele njia inatoka mjini. Kulia ndiko kwenye mlango wa uani.

Nilimwona anapumua.

"Nikifa," akasema, "pilau wapeni wazee kwanza."

Akawasha indiketa, akangoja pikipiki ipite, akakata kulia. Akakata vizuri kabisa. Kisha akasimamisha gari katikati ya uani, akashuka, akaacha mlango wazi na injini inanguruma, akaingia ngomani anacheza huku akipaza sauti, "Nimekata kulia! Nimekata kulia!" Watu hawakujua anasema nini lakini wakampigia vigelegele. Mimi ndiye niliyeteremsha masufuria.

Miaka ikaenda hivyo. Mwalimu Salehe akafariki, Mungu amrehemu, na shule ikahamia jengo kubwa, ikanunua magari mapya yasiyo na klachi. Mkaja nyie. Mwaka huu mkaniaga kwa keki, kanga na maneno matamu kuliko keki, nami nikarudi nyumbani nikamwegesha Mamkwe chini ya kibanda cha bati.

Hapo ndipo kazi ngumu kuliko zote ilipoanza, na hakuna aliyenifunza. Gari ni zima. Linawaka kwa mara moja. Lakini mimi niende nalo wapi? Sokoni naenda kwa miguu, msikiti uko nyuma ya nyumba, na shoga zangu wote wanaishi mahali ambapo ukiegesha gari unamzibia mtu mlango. Nikawa nalipeleka Pongwe na kulirudisha, kama mtu anayemtembeza mgonjwa. Siku moja nilifungua mlango wa nyuma, nikamkuta kuku wa jirani amelalia mayai juu ya kiti.

"Mama," binti yangu Mwanamkasi akasema, "liuze hilo gari kabla halijawa banda."

"Gari zima namna hii haliuzwi, mwanangu. Ukiuza zima utanunua bovu."

"Wewe hununui jingine. Wewe unamtafutia kuku nyumba."

Akbar naye, niliyetumaini ataniunga mkono, akaniangusha. "Gari hufa kwa kukaa, Bi Zuhura, si kwa kutembea. Mpira unakauka, petroli inachacha. Miaka yote hii umenisumbua nilisikilize. Sasa lisikilize wewe."

Sikubandika tangazo. Kizuri chajiuza, wamesema wahenga, na kweli wanunuzi walikuja wenyewe. Wa kwanza, kijana wa kupiga muziki kwenye sherehe, alitaka kung'oa viti vya nyuma aweke maspika. Akagonga boneti kwa ngumi kupima bati, nami nikamwambia gari limeshauzwa. Wa pili aliongea vizuri sana, akatoa bei nzuri kuliko nilivyowaza, mpaka Akbar akaninong'oneza kuwa bwana yule kazi yake ni kuchinja magari na kuuza vipande. Naye nikamwambia limeshauzwa. Wa tatu mlikuwa nyie. Ndiyo, nyie. Mlitaka mliweke mbele ya ofisi, mlipake rangi, mlizungushie maua. Nilishukuru, na usiku nilitafakari kwa dhati, lakini nikaona gari linaloweza kupanda mlima kuligeuza kuwa sanamu ni kulizika likiwa hai. Nikawaambia nitafikiri. Msinune. Sasa mnajua.

Wa nne alikuwa mwanamke wa makamo kutoka huko juu Amani, Bi Hilda, mkulima wa iliki na mdalasini. Aliteremka kuuza viungo kwa Bi Fatuma, akasikia habari kwake. Alikuja na kapu lake, akaniamkia vizuri, akaweka kapu chini na, kabla ya kutazama kitu kingine chochote, akapiga magoti mchangani akaingiza kichwa chini ya gari.

"Tumbo lake ni safi," akasema kutoka huko chini.

Nikampenda hapo hapo. Nikampa ufunguo ajaribu. Akautazama mkononi mwake.

"Sijui kuendesha, mwalimu. Nilifeli mara mbili. Kaka zangu wananicheka, waniambia nunua punda. Kila mavuno namlipa mwenye pikipiki, na kila mavuno gunia moja linabaki korongoni."

"Unataka gari, na kuendesha hujui?"

"Nasikia wewe hufundisha."

"Nimestaafu."

"Hata mimi nimechoka," akasema, bila kubandua macho kwangu. "Lakini iliki haijachoka kuzaa."

Basi nikavua kanga niliyopewa kustaafu, nikafunga ya kazi.

Nikwambieni ukweli, sijapata mwanafunzi aliyenitoa jasho kama yule. Klachi aliipata kwa asubuhi moja, miguu mitupu. Kilichomshinda ni baiskeli. Ngamiani yetu, baiskeli hutoka kila uchochoro, mara imebeba mkaa, mara imebeba mke na mtoto, na mwendeshaji wake anaamkia watu barazani huku akikata njia. Bi Hilda akiona baiskeli, hata iwe mbali, anafunga breki, anafumba macho.

"Fumbua, Bi Hilda."

"Imepita?"

"Imeegeshwa. Haina hata mtu."

Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki, kila alipoteremka na viungo. Mtihani alifaulu, siku ambayo kwa rehema za Mungu mvua ilinyesha na wenye baiskeli wakajikinga vibarazani. Akaja na leseni, anataka kununua. Nikasita. Nilijua yeye ni mwaminifu, na nilijua gari ni zima. Lakini barabara ya Amani naijua kwa sifa: mchanga mwekundu, kona juu ya kona, upande mmoja mlima na upande wa pili hewa. Mtu anayefumba macho kwa baiskeli iliyoegeshwa, nitamwachiaje akapande huko? Ningekuwa nimeuza gari, au nimeuza roho ya mtu?

"Tupande kwanza," nikamwambia. "Wewe uendeshe, mimi nikae upande wangu. Tukifika salama tutaongea."

Tulipoacha lami na kuanza kupanda, mambo yakageuka juu chini. Bi Hilda aliketi wima, akashusha kioo, akaanza kuimba wimbo wa kwao. Kona aliziingia kama mtu anayeingia jikoni kwake. Alijua wapi maji yamechimba, wapi jiwe limejitokeza, akapunguza gia kabla sijafungua mdomo. Mimi, mtu wa pwani, niliyefundisha maisha yangu yote kwenye nchi iliyolala kama jamvi, nilishika mlango kwa mikono miwili. Mguu wangu ulikuwa juu ya ile breki ya Akbar mpaka ukafa ganzi.

"Mwalimu, mbona huwatazami kima?" akaniuliza. "Wale pale, mtini."

"Tazama njia."

"Njia naiona. Wewe ndiye umefumba macho."

Nilikuwa nimefumba kweli.

Kona iliyofuata tukakutana na lori la majani ya chai, linashuka, limejaa mpaka juu. Njia haikutosha hata nusu yetu. Lori haliwezi kurudi nyuma mlimani na mzigo ule. Ilibidi turudi sisi, chini, kwenye ile kona, mpaka pale njia ilipopanuka kidogo. Upande wangu, nilipochungulia, niliona vilele vya miti. Si miti. Vilele.

Dereva wa lori akatoa kichwa, wakasemezana na Bi Hilda kwa Kishambaa, wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonitisha zaidi. Kisha Bi Hilda akaweka gia ya nyuma, akageuka kutazama kioo cha nyuma, na gari likaanza kuteremka kinyumenyume.

Walimu wenzangu, mguu wangu ulitaka kukanyaga. Kila kitu nilichokijua kilikuwa katika mguu ule. Lakini nilijua pia kwamba nikikanyaga pale, juu ya mchanga ule, wakati yeye ameshalishika gari kwa klachi, nitamwondolea gari mikononi, na hakuna atakayekuwa analiendesha. Nikautazama uso wake. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama njia. Nikaunyanyua mguu. Nikainua na wa pili, nikaikunja yote miwili juu ya kiti, kama niliyekaa mkekani, nikasoma aya zote nilizohifadhi tangu chuoni.

Mamkwe akateremka polepole, sawasawa, bila kutikisika, akaingia kwenye ule upana kama kisu kwenye ala. Lori likapita, dereva akapiga honi mbili. Bi Hilda akavuta breki ya mkono.

"Umekaa vizuri, mwalimu?" akaniuliza alipoona miguu yangu.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Naye akacheka, tukacheka pale kwenye kona, katika harufu ya chai mbichi na vumbi, wanawake wawili watu wazima, mpaka tukasahau kwamba tulikuwa tukipanda.

Kwao nilikula, nikalala, nikaonyeshwa iliki inavyozaa chini, karibu na ardhi, kama inayojificha. Kaka zake walikuja mmoja mmoja kulitazama gari. Yule aliyeanzisha maneno ya punda alilizunguka mara nyingi, akakohoa, akauliza kama siku ya soko litakuwa na nafasi. Bi Hilda akamwambia alipie kama wengine.

Kesho yake tukashuka. Mama yake Bi Hilda, bibi mdogo wa umbo aliyetaka kuja Tanga kutazama vitenge, akakaa mbele, mahali pangu, akakanyaga breki yangu kama mahali pa kuwekea miguu mpaka tulipomwomba aitoe. Mimi nikakaa nyuma, kati ya kapu la mdalasini na mkungu wa ndizi. Nilikuwa sijapata kukaa nyuma katika gari lile. Nilikusudia kutazama kila kona. Nakumbuka kona ya kwanza. Nakumbuka bibi akisimulia habari ya ng'ombe wake. Kisha sikumbuki kitu.

Niliamka jasho limenitoka na shavu limechapwa alama za kapu. Gari limesimama. Vioo vyote vimeshushwa. Mbele hapana mtu. Nikainuka kwa hofu, nikaona mlango wa nyumba yangu, na jirani anapita na ndoo.

"Umeamka, Bi Zuhura? Alhamdulillahi. Tulianza kukuombea dua."

Tulikuwa tumefika. Muheza imepita, Pongwe imepita, na Ngamiani yote, na baiskeli zake, na wenye mkaa, siku ya soko, nami nimelala. Mtu niliyezoea kukanyaga breki hewani hata nikiwa nimekaa barazani kwangu, nimelala kama mtoto mgongoni.

Nikaingia ndani, upindo wa kanga ukiburutika. Bi Hilda na mama yake walikuwa wameketi jamvini na Mwanamkasi, wanakunywa kahawa, na sahani ya kashata imeshabaki makombo.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Ulikuwa unakoroma, mwalimu," Bi Hilda akasema. "Tukaona haya."

Akainuka kwa adabu, akaninyooshea ufunguo kwa mikono miwili. Nikavifumba viganja vyake juu ya ufunguo, nikamwambia asogee, nami nipate pa kukaa.